Kisangani: safari ya bei ndogo, na ile feza inayolipwa njiani

KISANGANI, Tshopo – Mwenye kutoka Kisangani kwenda Kinshasa ana njia mbili: ndege ao mto. Gari la abiria la kumfikisha moja kwa moja mpaka kwenye mji mkuu haliko. Ndiyo maana bei ya tike ya ndege hapa si jambo la matajiri peke yao. Inamugusa mwanafunzi mwenye kuitwa kwa mtihani wa kazi, mgonjwa mwenye kutumwa kwa daktari mkubwa, mama mwenye kufuata bidhaa, familia yenye msiba.

Mwezi wa 12 mwaka 2024, kampuni ya Air Congo ilianza kuruka. Ni kampuni ya serikali pamoja na Ethiopian Airlines, yenye kushika 49 kwa mia ya hisa, na ilianza na ndege mbili za Boeing 737-800. Kisangani ikawa kati ya miji ya kwanza kwenye orodha yake. Wakaaji wengi walitazamia bei ishuke papo hapo, kwa sababu kabla ya hapo mtu alikuwa na CAA na Congo Airways, na wakati mwingine moja tu kati ya hizo mbili ndiyo ilikuwa na ndege nzima. Kuwa na kampuni ya ziada kunasaidia, lakini hakuondoe mambo mengine yanayopandisha bei: mafuta ya ndege yanayotoka mbali mpaka Bangoka, vipuri vya kununuliwa kwa dola inje ya inchi, na kodi nyingi ndogondogo zinazowekwa juu ya tike.

Kodi inayojulikana zaidi ni Go-Pass. Tangu mwaka 2009 abiria wa safari ya ndani analipa dola 10, na wa safari ya inje dola 50. Mtu anayelinganisha bei za ajansi mbili aulize kwanza kama Go-Pass iko ndani ya bei ao inalipwa pembeni. Aulize pia kilo ngapi za bagaje zinaruhusiwa. Mara nyingi tike iliyo chini kwa dola 15 ndiyo ile yenye kilo chache, na kila kilo ya ziada inalipwa pale kwenye mzani, wakati hakuna tena nafasi ya kubishana. Watu wa Kisangani hawasafiri mikono mitupu, hilo linajulikana: samaki ya moshi, makemba, mafuta ya ngazi kwenye bido. Zawadi kwa jamaa wa Kinshasa inaweza kugeuka kuwa kitu cha bei kali kuliko vyote ndani ya safari.

Kiwango cha dola

Jambo ambalo wengi hawalitii kwenye hesabu ni feza yenyewe. Tike inaandikwa kwa dola, lakini mwalimu wa serikali anapata mshahara kwa franka. Katika mwaka 2025 franka ya Congo ilipata nguvu kwa namna ambayo haikuonekana kwa miaka mingi: dola moja ilitoka karibu franka 2,800 ikashuka mpaka kwenye 2,200 hivi kabla mwaka kuisha. Tuchukue mfano wa tike ya dola 200. Kwa kiwango cha kwanza ni franka 560,000. Kwa cha pili ni 440,000. Bei ya kampuni haikuguswa hata kidogo, lakini mwenye franka amebakiza 120,000 mfukoni.

Kwa kazi ya shirika mwenye kulipwa dola, mambo ni kinyume. Tike yake imebaki ileile, lakini kila dola anayobadilisha kwa ajili ya chakula na moto inamupa franka chache kuliko mbele, na bei za soko hazikukimbia kushuka pamoja na dola.

Hapa kuna mtego. Kiwango kikibadilika haraka, ajansi inaweza kuendelea kuhesabu kwa kiwango cha wiki iliyopita. Kama ba-kambiste wa mjini wako kwenye 2,200 na ajansi inahesabu 2,400, ile tike ya dola 200 inakula franka 40,000 za bure. Dawa yake ni rahisi: kuuliza kiwango mbele ya kutoa feza, na kama ni kibaya, kwenda kununua dola kwanza halafu kurudi. Vilevile kwa hoteli. Ile inayotangaza bei kwa dola na ile inayotangaza kwa franka haziwezi kulinganishwa mpaka mtu apige hesabu ya siku hiyo.

Kuhusu mahali pa kulala, anayekuja Kisangani asitazame bei ya chumba peke yake. Chumba cha Makiso kiko juu kidogo, lakini maofisi, banki na soko kubwa ziko karibu. Chumba cha bei ndogo upande wa Lubunga kinamlazimisha mtu kuvuka mto asubuhi na jioni, na kama kazi yake inaisha usiku, atatafuta pa kulala mara ya pili. Nyumba za mapokezi za parokia na za mashirika ya kanisa ni msaada wa kweli: ni safi, ni salama, na bei yake mara nyingi inasemezana kwa mwenye kukaa siku nyingi. Kulala kwa jamaa si bure, hata kama hakuna anayesema. Sukari, sabuni, feza ya soko. Kwa siku tatu ni faida, kwa wiki tatu hesabu inaanza kukaribia ile ya parokia.

Upande wa Ituri na Kivu

Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa kwa ndege za kawaida za abiria tangu Januari 2025, wakati M23 ilipoingia mjini. Kavumu, ule wa Bukavu, ukafuata mwezi wa pili. Mtu wa Goma aliyekuwa akipanda ndege ya ndani na kulipa Go-Pass ya dola 10, leo akitaka kurudi toka Kinshasa kwa ndege anazunguka kupitia inchi za jirani, na pale N'djili anahesabiwa kama msafiri wa inje: dola 50. Anabaki ndani ya inchi yake, lakini analipa kama anayeiacha.

Wengine wanajaribu kupunguza gharama kwa kushuka Kisangani na kuendelea kwa barabara ya taifa namba 4, Bafwasende, Nia-Nia, mpaka Komanda na Beni. Kwa karatasi ni bei nzuri. Lakini safari hiyo ina bariere, ina matope wakati wa mvua, ina usiku wa kulala njiani. Juu ya hayo yote, upande wa Mambasa na Komanda waasi wa ADF wameua watu wengi, na kuna kipande ambako magari yanangoja msafara wa askari. Siku moja ya kungoja ni chakula na kitanda cha siku moja.

Wanaokodi jeep kwa pamoja wanaokoa zaidi kuliko mwenye kukodi peke yake, kwa sharti wakubaliane mbele: mafuta ni ya nani, chakula na malazi ya shofa ni ya nani, na gari likikwama siku mbili, siku hizo zinalipwa ao hapana? Mapatano ya mdomo yanavunjikia Bafwasende. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha.

Kuna mahali ambako kupunguza bei hakufai. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka ikitaka kutua Bangoka, na watu zaidi ya 70 wakafa. Umoja wa Ulaya unakataza kampuni zote za Congo kwenye anga lake tangu 2006. Kwenye mto, mabalenieri, zile mashua kubwa za mbao, zinapandisha watu na mizigo bila kipimo, na kusafiri usiku kunaendelea hata kama kumekatazwa. Mwenye kuchagua mashua ya bei ndogo kwa zile kilomita zaidi ya 1,700 za kwenda Kinshasa aulize jile ziko ngapi, na aone kwa macho.

Na kwa mwenye kwenda Ubundu, hesabu ni fupi. Reli ya kilomita 125 toka Lubunga ipo, lakini treni ni ya kubahatisha. Watu wanapanda moto, na bei wanaipatana palepale, wakitazama mawingu.