Huria si bure, na riwaya si upuuzi

Haya wasomaji wangu, leo sina utani. Kuna maneno mawili ninayoyasikia kila nikikaa na watengeneza programu wenzangu wa Gilgil na Nakuru, na yamenichosha. La kwanza: "Weka Linux, ni ya bure." La pili: "Yaani wewe, na digrii yako ya kompyuta, bado unasoma hadithi?" Mimi nasema huu ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Ni ugonjwa wa kutosoma.

Tuanze na hiyo bure. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, Kiingereza kilimtatiza, maana neno lao moja hubeba uhuru na kutolipa kwa pamoja. Hadi leo wanaeleza na kueleza. Sisi tumejaliwa maneno mawili, huria na bure. Halafu tunafanya nini? Tunachagua bure! Programu huria inampa mtumiaji uhuru wa aina nne, kuanzia namba 0 hadi 3, na namba 1 ni uhuru wa kuchunguza jinsi programu inavyofanya kazi na kuibadilisha. Kuchunguza ni kusoma, jamani. Ukipakua, ukasakinisha, basi, umeokoa pesa tu.

Mimi naishi Kariandusi. Wageni huja hapa kutazama shoka za mawe ambazo Louis Leakey alianza kuzichimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Zina umri wa laki kadhaa za miaka. Nyingine ni za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Tazama moja kwa makini utaona kovu la kila pigo: hapa fundi aligonga, hapa akageuza, hapa akachonga makali. Chombo kimebeba maelezo yake chenyewe. Hiyo ndiyo huria. Lakini shoka hilo halina faida kwa mtu anayepita bila kulitazama.

Sasa tuone hasara yetu. Andika ukurasa wa Kiswahili kizuri kwenye LibreOffice, uwashe kikagua tahajia cha Kiswahili. Mistari myekundu itajitokeza hata chini ya maneno halali kabisa. Kwa nini? Injini inayokagua inaitwa Hunspell, na imo pia ndani ya Firefox na Chrome. Ilianza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayobandika viambishi vyake vingi mwishoni mwa neno. Kwa kawaida hubandua kiambishi kimoja tu cha mbele. Sasa chukua neno "wasingalituambia". Kabla ya kufika kwenye mzizi kuna wa, si, ngali na tu. Vinne! Kwa hiyo mwenye kamusi hana budi kuiandikia michanganyiko hiyo kanuni mwenyewe, la sivyo neno linabaki na mstari wake mwekundu.

Hapa hakuna siri yoyote. Kamusi yenyewe ni faili mbili za maandishi matupu, moja ya maneno na moja ya kanuni. Zifungue kwa kihariri chochote. Msingi ulishawekwa zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kinachokosekana ni watu wa kuendeleza.

Nani ataendeleza? Neno kama "wasingalituambia" hulikuti kwenye ujumbe wa M-Pesa. Unalikuta kwenye riwaya, mahali watu wanapojuta, wanapodanganyana, wanapokumbuka. Soma Mohamed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Soma Kezilahabi wa Ukerewe. Soma Siku Njema ya Ken Walibora ya mwaka 1996. Hapo utaona kitenzi cha Kiswahili kikifanya kazi zake zote. Asiyesoma hadithi ataandika kanuni za Kiswahili cha matangazo, kisha atashangaa mashine ikimsahihisha bibi yake.

Najua mtasema riwaya hazilipi. Sawa, na ile programu uliyokesha nayo wikendi bila kulipwa? Mtasema akili bandia itamaliza yote. Akili bandia hujifunza kutoka kwenye maandishi tunayoipa, na ikikosea lazima awepo mtu wa kujua kwamba imekosea. Mtasema riwaya zina hakimiliki. Kweli, na sisemi mwage vitabu vya watu mtandaoni. Hadithi ina mwenyewe, lakini neno "wasingalituambia" ni letu sote.

Basi kazi ni hii. Chukua riwaya moja ya Kiswahili, chapa ukurasa mmoja kwenye kipakatalishi chako, uhesabu mistari myekundu. Chagua neno moja halali lililoonewa. Fungua zile faili mbili, tafuta kwa nini limekataliwa, rekebisha, kisha watumie wenye mradi marekebisho yako. Ukishafanya hivyo hata mara moja, ndipo uje tujadiliane kama hadithi ni za watoto.