Mwacheni Bundi!

Bundi akikoroma juu ya mti, nani hufa? Bundi! Ndiye anayekufa. Kwa mawe, kwa manati, kwa moto. Kisha tunarudi kulala tukijisifu kwamba tumefukuza kifo.

Kifo gani, ndugu yangu? Mgonjwa wako aliuawa na malaria. Zahanati ilikuwa mbali, dawa ikachelewa. Nawe ukamtafuta mkosaji mwenye mabawa.

Nimechoka! Na uchungu wangu mkubwa ni juu ya Bubo lacteus, bundi mkubwa kuliko wote barani Afrika. Jike lake hufikia kilo 3. Unamjua hata kama jina hulijui: yule wa kijivu anayeshinda mchana kwenye mgunga. Macho yake ni meusi, na akiyafumba unaona kope za rangi ya waridi, laini kama za mtoto mchanga. Huyo ndiye unayemwita mchawi?

Usiku anapiga kazi. Anakamata sungura, kanga, nyoka, panya, hata tumbili. Kalunguyeye, ambaye mbwa wako humnusa akarudi nyuma, bundi huyu humchuna ngozi na miiba yake yote, akala nyama. Ukiikuta ile ngozi chini ya mti asubuhi, unapiga yowe: hirizi! Hirizi ya nani? Ni makombo ya chakula, basi.

Sasa amka usikie hasara yenyewe. Ndege huyu hajengi kiota. Huchukua cha tai au cha ndege mwingine mkubwa. Hutaga mayai mawili, na mara nyingi anayekua ni kifaranga mmoja tu. Huyo mmoja, hata akisharuka, hulishwa na wazazi kwa miezi mingi. Wapo wanaokaa miaka 2 au 3 ndipo wazae tena. Ukiua jozi moja leo, utaijaza lini nafasi yake? Kwani hawa ni kuku? Majuto ni mjukuu, lakini sisi tunamlea mjukuu huyo kwa mikono yetu.

Mgunga tumeukata tukachoma mkaa. Kiota hakuna.

Panya tumewatilia sumu. Sumu nyingi za dukani haziui panya papo hapo. Huyumbayumba siku kadhaa, mzito, rahisi kushikwa. Anayemshika ni nani? Bundi yuleyule, au mdogo wake anayekaa darini. Sumu uliyonunua kwa pesa yako inamuua mwindaji aliyekuwa akikufanyia kazi bure. Mwaka unaofuata panya wanarudi, wanazaliana upesi kuliko bundi, wanamaliza mahindi, nawe unarudi dukani. Mpaka lini? Mpaka lini tutalipa kwa kujikomoa?

Na wewe mzazi unayesoma haya, mwanao anakuona. Ukitema mate bundi anapolia, naye atatema. Ukiokota jiwe, naye ataokota. Leo jioni ichukue hiyo manati mkononi mwake, umwonyeshe zile kope.