Dirisha halimlindi mtoto

Arobaini ya mjukuu wetu ilifanyika Tandika, katika nyumba ya kupanga ya vyumba sita. Mtoto alikuwa amelala kitandani ndani ya chandarua chake kidogo, kafunikwa khanga. Babu yake mdogo akavuta kiti hadi dirishani, akawasha sigara, akapitisha mkono nje katikati ya nondo. "Msiwe na wasiwasi," akasema, "naupuliza nje." Nikawa naangalia pazia. Upepo ulipokuja lilivimba kuelekea ndani, na moshi wa ile ncha ukaingia nalo, ukatambaa juu ya chandarua. Watu wazima tulikuwa tisa chumbani. Hakuna aliyefungua mdomo, nami nikiwemo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Imani hiyo ndiyo ninayoipinga: kwamba dirisha likiwa wazi, au mvutaji akisimama mlangoni, mtoto yuko salama. Nimeisikia kwa madereva, kwa walimu, kwa watu walionizidi elimu. Si kweli, na wanaoumia ni wale wasioweza kuinuka wakatoka nje.

Sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani haitoki kinywani mwa mvutaji. Inatoka kwenye ncha ya sigara inayoungua yenyewe pale anapoishika tu akizungumza. Moshi huo haukupita kwenye kichungi wala kwenye pafu la mtu. Una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati ya hizo husababisha saratani. Akishaizima, pumzi zake kadhaa zinazofuata bado zina moshi, na ndizo anazompumulia mtoto akimwinamia kumbusu. Mtoto mchanga naye hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, wakati mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20.

Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwingine kilicho salama, na kwamba kupitisha hewa ndani ya jengo hakuuondoi wote. Uingereza, tangu Oktoba 1, 2015, ni kosa kuvuta ndani ya gari lililobeba mtoto wa chini ya miaka 18, hata kama vioo vyote vimeshushwa.

Sasa rudi kwenye nyumba zetu. Nyingi hazina dari, na kuta za ndani zinaishia chini ya bati. Sigara inayowashwa chumba cha mwisho inanukia chumba cha kwanza. Mama amefunga mlango wake, ananyonyesha, na moshi wa mpangaji mwenzake unamshukia kutoka juu ya ukuta.

Wapo watakaosema: sisi tumekulia kwenye moshi, mbona tuko hai? Anayesema hivyo ni aliyebaki. Watoto waliobanwa na pumu usiku kucha, waliotoka usaha masikioni, waliougua nimonia mara kwa mara, tuliwasingizia baridi na upepo mbaya. Hatukuwahi kukitazama kisahani cha majivu kilichokuwa mezani. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa wengine.

Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, inayokataza kuvuta katika maeneo ya umma. Chumbani kwako haifiki. Humo anayetawala ni heshima, na mkamwana aliyejifungua juzi hawezi kumwambia baba mkwe azime sigara. Akithubutu ataitwa hana adabu. Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuwa wake. Ni wa mwenye sigara, na ni wetu sisi wakubwa tuliokaa kimya siku ile.

Baba, babu, mjomba: ukishindwa kuiacha kabisa, basi toka nje, vuka uwanja, uwe mbali na mlango na dirisha, uvute huko hadi umalize. Ukirudi badili shati, nawa uso na mikono kabla ya kumpakata mtoto. Na mvua ikinyesha, subiri ikatike.