STAA WA MJINI: MSHAURI WA MASOMO NJE AU DALALI WA VYUO? WAZAZI FUNGUENI MACHO

Mjini sasa hivi kuna mchongo mpya. Shoo zikikata, video zikikauka, duka la wigi likifa, staa anageuka mshauri wa masomo ya nje. Mchana anafanya mambo yake, jioni anakaa na simu anajibu meseji za watoto waliomaliza fomu siksi. Ni kibarua cha pembeni, saa mbili tatu kwa siku, hakina bosi wa kukoromea mtu, na picha zake zinapendeza: begi la magurudumu, pasipoti, bendera ya nchi ya watu, na maneno "hongera mdogo wangu, viza imetokaaa!"

Mtu kutafuta hela hakuna ubaya. Mjini hapa kila mtu anahangaika. Ubaya uko kwenye neno moja tu: mshauri.

Mshauri ni mtu anayeweza kukwambia "usiende". Shangazi yako anaweza kukwambia. Mwalimu wako wa fomu foo anaweza. Mtu anayelipwa pale tu unapoenda hawezi, hata kama ana roho nzuri kama malaika. Huyo ana jina lake la siku zote na kila mpangaji wa Dar analijua. Anaitwa dalali.

Tena dalali wa nyumba wa Sinza ana afadhali. Anakuonyesha chumba, unaona choo kwa macho yako, unasikia kelele za jirani, na unajua kabisa kodi ya mwezi mmoja ni ya kwake. Hajawahi kujiita mshauri wa makazi. Huyu wa vyuo anakuuzia chumba ambacho hata yeye hajakiona, na hakwambii chake ni kiasi gani.

Wengi hawajui hela ya huu mchongo inatoka wapi, basi ieleweke. Chuo cha nje kinaingia mkataba na kampuni ya uwakala, kampuni inachukua vijana wa kuleta vichwa, na mara nyingi ndo hapo mastaa wanapoingia kwa sababu wana wafuasi. Mwanafunzi akisharipoti na kulipa ada, chuo kinatoa kamisheni. Kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 20 ya ada ya mwaka wa kwanza, na vipo vyuo vinavyotoa zaidi ya hapo. Piga hesabu mwenyewe. Chuo cha ada ya dola 4,000 kwa asilimia 15 kinatoa dola 600 kwa kichwa. Chuo cha dola 2,000 kinatoa 300. Sasa huyo "mshauri" atakushauri uende kipi?

Na angalia siku ya malipo. Kamisheni inatoka mtoto akiripoti, haisubiri ahitimu. Akifeli, akikosa ada ya mwaka wa pili, akirudi na begi lile lile la kwenye picha, hela ya dalali ilishaliwa zamani.

Chukua huyu mrembo mmoja, jina kapuni. Miaka ile alitamba sana kwenye video za Bongo Fleva, watu wanamjua. Siku hizi kurasa zake zimejaa barua za vyuo. Kuna baba mmoja wa Makambako alimpigia simu. "Shikamoo baba, usiwe na wasiwasi, mimi huyu ni mdogo wangu kabisa, nitamsimamia." Mzee akalainika. Akauza nusu ya shamba lake la miti ya mbao, miti ambayo angeiacha miaka michache mbele ingemlipa vizuri. Akatoa ada, akatoa nauli, na juu yake akatoa laki tatu ya "kufungua faili". Yaani mrembo kala chuoni na kala kwa mzee, halafu anaitwa mfadhili.

Kijana alikuwa ameahidiwa Ulaya. Tangazo lilisema Cyprus, tena na picha ya bahari. Halikusema Cyprus ipi. Kisiwa kile kimegawanyika tangu 1974. Upande wa kusini ni Jamhuri ya Cyprus, iko kwenye Umoja wa Ulaya tangu 2004. Upande wa kaskazini unatambuliwa na nchi moja tu dunia nzima, nayo ni Uturuki. Ndege za kwenda huko zinapitia Uturuki, na ukipata matatizo hakuna ubalozi wa Tanzania wa kugonga hodi. Wapo waliosoma huko wakamaliza vizuri na vyeti wanavyo, hilo halibishaniwi. Ila mzee wa Makambako alikuwa na haki ya kuambiwa ni upande upi KABLA ya kuuza miti.

Ofa nayo ilikuwa tamu: "skolashipu ya asilimia 50". Wazazi shtukeni hapo. Punguzo ambalo anapewa kila aliyetuma jina, mwenye divisheni wani na mwenye divisheni foo, hilo siyo skolashipu. Hiyo ndo bei yenyewe, imeandikwa mara mbili halafu ikakatwa. Machinga wa Kariakoo wanajua huo mchezo kuliko profesa.

Kilichofuata ni kile kile. Kijana alitegemea kazi ya kujilipia ada, kazi ikawa hadithi. Ada ya muhula wa pili ikafika. Akamwandikia: "Dada samahani, naomba unisaidie kuongea na chuo." Kimya siku tatu. Siku ya nne jibu likaja: "Mdogo wangu mi ni mshauri tu, mambo ya ada wasiliana na chuo." Wakati wa kupokea laki tatu alikuwa dada wa damu, kwenye shida kawa mshauri tu!

Uongo wa kazi ndo unaoumiza zaidi, maana ndo unaomfanya mzazi aseme "basi nitahangaika na mwaka wa kwanza tu". Ukweli ni huu. India, ambako Watanzania wengi wanasoma, viza ya mwanafunzi hairuhusu ajira. Uingereza kwa mwanafunzi wa digrii mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Marekani pia ni saa 20, na mwaka wa kwanza ni kazi za ndani ya chuo tu, siyo kwenda kuosha vyombo mgahawani mtaani. Canada tangu Januari 2024 mtu anayeomba kibali cha kusoma alitakiwa kuonyesha dola za Canada 20,635 za kujikimu mwaka mmoja, mbali na ada na nauli, wakati zamani ilikuwa 10,000. Nchi inayodai uonyeshe hela ya kula kabla hujapanda ndege inakwambia wazi kwamba haikutegemei ujilipie kwa vibarua.

Na msidhani hili tatizo ni la Bongo tu. Mwaka 2023 Canada kulizuka kilio cha wanafunzi kutoka India. Walikuwa wameshafika, wengine wameshamaliza masomo na wanafanya kazi, ndo wakaambiwa barua za chuo walizoombea viza zilikuwa feki na wanaweza kurudishwa kwao. Wakala wao alikuwa akiwaambia wakitua kwamba chuo kile kimejaa, watafute kingine. Yeye alikuja kufungwa miaka 3, na tangu Desemba mosi 2023 Canada inavitaka vyuo vithibitishe kila barua. Lakini jiulize nani alilala macho miaka yote hiyo akisubiri kufukuzwa. Siyo wakala.

Sasa kuna hili ambalo mastaa hawatalisema laivu. Marekani kwenyewe, sheria yao ya elimu ya juu tangu 1992 inakataza vyuo vinavyopokea hela za misaada ya wanafunzi kutoka serikali kuu kumlipa mtu kamisheni kwa kila mwanafunzi anayemwingiza. Waliona watoto wao wanapelekwa popote penye kamisheni. Lakini sheria hiyo hiyo ikaacha mlango wazi kwa wanafunzi wa kigeni wanaoishi nje ya Marekani na ambao hawana haki ya misaada hiyo. Mtoto wa Ohio haruhusiwi kuuzwa kwa kichwa. Wa Makambako ruksa.

Mashabiki wake wataruka: "Mna wivu, amewasaidia wengi!" Sawa, na amsaidie kila mtu. Kujaza fomu kwa mtoto wa kijijini ambaye hana kompyuta ni kazi ya halali na inastahili malipo. Wapo pia vijana waliosoma huko huko ambao wanaeleza mazuri na mabaya, wanataja mpaka bei ya chumba na baridi ya Februari. Hao wapewe heshima yao. Tofauti yao na huyu mrembo ni moja, ukiwauliza nani anawalipa wanajibu. Huyu ukimuuliza anakublok.

Halafu hebu angalia vitu ambavyo hawatangazi. Ujerumani vyuo vya umma kwenye majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ingawa hela ya kujikimu lazima uwe nayo. Je, umeona staa gani anaposti Ujerumani? Chuo kisichotoza ada hakina asilimia ya kugawa. Wizara ya Elimu inatangaza nafasi za ufadhili wa China, kuomba ni bure. Ubalozi wa Marekani Dar una ushauri wa EducationUSA, nao bure. Kimya! Bure haina kamisheni.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujauza kiwanja, ng'ombe au miti, muulize huyo dada au kaka wa kwenye simu maswali haya bila aibu:

1. Mwanangu akiripoti, chuo kinakulipa wewe shilingi ngapi?
2. Kampuni yako imesajiliwa na TCU? Nipe jina kamili nikaulize mwenyewe.
3. Chuo hiki na kozi hii TCU wanavitambua? Maana akirudi na digrii yake, kwao ndo itapita.
4. Viza ya huko inaruhusu kazi saa ngapi, na za wapi?
5. Nataka kulipa ada kwenye akaunti ya chuo chenyewe. Kwa nini unanipa namba yako ya simu?
6. Kati ya watoto uliowapeleka, nani amemaliza? Nipe wawili niongee nao.

Akianza kukasirika kwenye swali la kwanza, usifike la pili. Kata simu.

Na nyie mastaa, hakuna anayewakataza kula. Kuleni, lakini chini ya ile picha ya pasipoti na bendera andikeni sentensi moja fupi: "Chuo hiki kinanilipa nikiwaleta." Ni maneno manne tu, hayamalizi bando. Kama biashara ni safi, wateja watakuja tu. Kama maneno manne yanaiua, basi haikuwa ushauri tangu siku ya kwanza.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama una ndugu aliyepelekwa nje na "mshauri" wa mjini, kwa heri au kwa shari, mwaga hapo chini. Majina ya watu tuyaache, tutaje mchezo.