Kasi ya Kwenye Boksi Haimuangushi Sungura

Boksi la bunduki ya upepo hupenda kujisifu. Katika maduka ya Marekani, tarakimu inayoandikwa kubwa kuliko zote ni ya kasi: futi 1,200 kwa sekunde, wakati mwingine hata zaidi. Mnunuzi mgeni huitazama akadhani ndiyo nguvu, ndiyo shabaha, ndiyo thamani ya pesa yake. Akifika nyumbani na kubandika karatasi ukutani, risasi zinatawanyika kila upande, naye anaanza kuilaumu darubini.

Kasi hiyo mara nyingi hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi, ambazo mwindaji mzoefu hana haja nazo. Na hata ikipatikana, ni hasara. Risasi ya bunduki ya upepo ina kichwa kipana, kiuno chembamba na sketi iliyo wazi kwa nyuma. Umbo hilo huifanya itulie hewani maadamu inakwenda chini ya kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde. Ikiukaribia mpaka huo huanza kuyumba, na ikiuvuka hutoa mlio mkali unaowakimbiza sungura wote wa shamba zima. Futi 1,200 ni mita 366. Namba inayoiuza bunduki ndiyo hiyo hiyo inayoiharibia shabaha.

Anayebisha aangalie Olimpiki. Shindano la bunduki ya upepo la mita 10 limekuwamo tangu Los Angeles mwaka 1984, na doa la katikati linalotoa alama 10 lina kipenyo cha nusu milimita. Abhinav Bindra alishinda shindano hilo Beijing mwaka 2008, akaipatia India dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja. Risasi yake ya mwisho ilipata 10.8, wakati alama ya juu kabisa ni 10.9. Bunduki za mchezo huo hupeleka risasi kwa mita 170 na kitu kwa sekunde, na nguvu yake haifiki hata nusu ya ile inayouzwa kwa ajili ya sungura. Kwa anayetaka karatasi na shabaha tu, basi, swali la nguvu limekwisha. Atafute triga laini, kitako kinachomkaa begani na mtutu mzuri.

Kwa mwindaji ni tofauti kidogo, lakini si kwa kiasi ambacho boksi linadai. Mfano mzuri ni Uingereza, nchi ambayo watu wake wamewinda sungura kwa bunduki za upepo vizazi kwa vizazi chini ya sheria inayobana. Tangu kanuni za mwaka 1969, bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi futi-pauni 12, sawa na jouli 16 na kidogo, huhesabiwa kuwa silaha kamili inayohitaji cheti. Ndani ya kiwango hicho, mtu wa England au Wales aliyetimiza miaka 18 huinunua bila cheti, ila akinunua dukani lazima akabidhiwe ana kwa ana na muuzaji aliyesajiliwa. Scotland imekaza zaidi: baada ya mtoto wa miaka miwili kupigwa risasi ya bunduki hiyo mjini Glasgow mwaka 2005 na kufariki, mjadala ulichukua miaka mingi, na tangu tarehe 31 Desemba 2016 hakuna anayeruhusiwa kuimiliki huko bila cheti. Ujerumani nayo huwaachia watu jouli 7.5 tu bila kibali.

Sheria hizo hazikutungwa kwa sababu ya mchezo wa watoto. Jeshi la Austria lilitumia bunduki za upepo za Girardoni tangu mwaka 1780, na Meriwether Lewis alibeba bunduki ya upepo katika safari yake ya kuvuka Marekani. Mwezi Agosti 1803, safari ikiwa changa kabisa, bunduki hiyo ilifyatuka mikononi mwa mtu aliyekuwa akiitazama, na risasi ikamparuza kichwani mwanamke aliyesimama mbali. Aliponea chupuchupu.

Jouli 16 zinatosha kumuua sungura papo hapo, mradi risasi iingie mahali pake. Mahali pake ni ubongo, duara la milimita 25 hivi kati ya jicho na sikio. Hapo ndipo uamuzi wa ukubwa wa risasi unapoingia, na hapo ndipo wanaume hubishana hadi chai inapoa. Kwa nguvu hiyo hiyo, risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.55 huondoka kwa mita 240 hivi kwa sekunde. Ya milimita 5.5 yenye gramu 1.03 huondoka kwa mita 176. Ile kubwa inapiga kwa kishindo zaidi, lakini ikifika mita 35 imeshuka karibu mara mbili ya ile ndogo, kwa hiyo aliyekosea kukadiria umbali anamjeruhi mnyama badala ya kumuua. Kwa panya wa ghalani, ndani ya mita 15, kubwa ni nzuri bila ubishi. Kwa mtu atakayekuwa na bunduki moja tu ya kazi zote, 4.5 ndiyo chaguo la busara, hata kama wazee wa 5.5 watanuna.

Suala zito zaidi ni la mtambo. Bunduki ya springi ni rahisi kuielewa: unavunja mtutu au kuvuta mkono wa pembeni, springi inabanwa, triga inaiachia. Pistoni inaporuka mbele, bunduki inasukumwa nyuma. Pistoni ikikutana na hewa iliyobanwa mwishoni, bunduki inasogezwa mbele. Yote hayo hutokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Ndiyo maana anayeikumbatia kwa nguvu hukosa, naye aliyeilaza juu ya kiganja kilichofunguka, akaiacha iruke ipendavyo, hupiga palepale kila mara. Mtikisiko huo wa pande mbili huua pia darubini za bei rahisi, hata zile zinazovumilia bunduki kubwa za baruti.

Bunduki ya hewa iliyojazwa haina fujo hiyo. Ina tangi dogo chini ya mtutu, linalojazwa hadi baa 200 au zaidi, na hufyatuka karibu bila kutikisika. Mwanafunzi huanza kupata shabaha siku hiyo hiyo. Lakini bei iliyo kwenye kibandiko si bei yote: kuna chupa kama ya mpiga mbizi, au pampu ya mkono inayomtoa mtu jasho, na mipira ya ndani ambayo siku moja itavujisha. Weihrauch ya springi kutoka Ujerumani iliyotunzwa, hata ikiwa ya mkono wa pili, haina hayo yote. Itamchelewesha mwanafunzi, ila itamfundisha mengi.

Vyovyote atakavyochagua, asitoke kuwinda kabla ya kupima mwisho wake. Achore duara la milimita 25, apige goti kama atakavyopiga porini, afyatue risasi kumi. Umbali ambao zote kumi zinaingia ndio mpaka wake. Ukiwa mita 20, basi ni mita 20, hata kama bunduki ya jirani inafika 40. Anunue pia makopo manne au matano ya risasi za aina tofauti, kwa kuwa kila mtutu una risasi unayoipenda, hata mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja.

Huku kwetu pwani bunduki hii hutajwa zaidi kunguru wanapozidi. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akaenea Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza hadi milioni moja. Bunduki ya upepo haifai kazi hiyo. Kunguru humtambua mtu aliyemdhuru na kumkwepa, na risasi iliyokosa juu ya mwembe huishia kwenye bati la jirani au kwa mtoto wake. Uwindaji nao umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, kwa hiyo anayefikiria kumbebea mjomba bunduki kutoka Ulaya aanzie kituo cha polisi, si uwanja wa ndege. Wenye mitaa iliyojaa kunguru watapata nafuu zaidi kwa kufunika majaa na kubomoa viota kabla mayai hayajaanguliwa, kazi ambayo ngazi na fito ndefu vinaimudu.