Vitufe vinahama, oda zinapotea

Wafanyabiashara wenzangu, leo nina la moyoni.

Juzi naweka oda ya kilo 20 za korosho, mteja yuko Dodoma. Kumbe kivinjari cha simu kimejisasisha chenyewe usiku. Kidole kimezoea: kurudi nyuma ni kushoto. Nikagusa, kumbe pale sasa ni kufunga ukurasa. Nilichojaza chote kwishnei. Naanza upya, bando limekata. Nimerudi hewani, mteja kashanunua kwa mwingine.

Sipingi maboresho. Mwaka 2021 Apple walishusha sehemu ya anwani ya Safari chini ya skrini, na sababu ipo: simu zimekuwa kubwa, kidole gumba hakifiki juu. Watu walipolalamika, wakapewa chaguo la kuirudisha. Hivyo ndo inavyotakiwa. Mimi hapa Mtwara nikihamisha mizani dukani, nawaambia wateja. Kwa nini kitufe kihamishwe kimyakimya?

Usiache kusasisha, maana humo ndo kuna ulinzi wa pesa zako. Ila fanya hivi:

1. Zima kusasisha kwa kujiendesha. Sasisha mwenyewe usiku, ukishafunga hesabu.
2. Ukimaliza, kagua vitufe dakika 5. Safari na Chrome za simu zina chaguo la anwani juu au chini, angalia kwenye mipangilio.
3. Oda ianzie kwenye daftari, ndo iingie kwenye simu.

Daftari halijawahi kujisasisha usiku. Wewe je, kitufe gani kimekutia hasara?