Kazi za Nyumbani za Hisabati: Zitolewe Vipi, Zipimwe Vipi?

Kila mwaka wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha huleta malalamiko ya namna moja, kwamba watoto hawafanyi kazi za nyumbani za hisabati. Malalamiko hayo huandikwa katika shajara, husemwa katika vikao vya tathmini, na mara nyingi hufuatiwa na hukumu kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu na wazazi wao hawajali. Sisi tunaowafuata wanachuo madarasani, kuanzia Pasua na Njoro mjini Moshi hadi shule za juu za Marangu, Kibosho na Old Moshi, hatuikubali hukumu hiyo. Tunapoyafungua madaftari tunaona kwamba kazi yenyewe ilikuwa na kasoro kabla mtoto hajaibeba kwenda nayo kwao.

Kazi ya kawaida huwa hivi. Kengele ya mwisho wa kipindi imekwisha gongwa, watoto wanafunga mikoba, na mwalimu anageukia ubao na kuandika: "Namba 1 hadi 20, nyumbani." Hakuna aliyeulizwa kama ameelewa. Hakuna namba hata moja iliyofanywa pamoja. Mara nyingi somo lenyewe halikufika mwisho, na ile sehemu iliyobaki ndiyo iliyogeuzwa kuwa kazi ya nyumbani, kana kwamba mama mwenye kuchochea moto jikoni ndiye atakayemalizia kufundisha kugawanya kwa njia ndefu. Twasema wazi kwamba huko ni kuhamisha kipindi cha shule na kukipeleka mahali pasipo na ubao wala mwalimu.

Wanachuo waanze kwa kupiga hesabu ya mzigo wao wenyewe. Darasa lina watoto 70, na mwalimu ametoa namba 10 tu. Hizo ni namba 700. Akitumia nusu dakika kwa kila namba, atahitaji dakika 350, yaani saa tano na dakika hamsini, kwa zoezi moja la somo moja la siku moja. Hawezi, wala hakuna awezaye. Kwa hiyo hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama madaftari hayasahihishwi kabisa, na mtoto hujifunza upesi kwamba kazi ya nyumbani haisomwi na mtu, ama kiranja hukusanya madaftari na mwalimu hupitisha kalamu nyekundu juu ya majibu kama mtu apalilie mahindi gizani.

Sasa tutazame jioni ya mtoto. Huku mlimani mtoto wa Darasa la Nne hurudi nyumbani akiwa na safari ya kupanda au kushuka makorongo. Akifika, ng'ombe aliye bandani anangoja majani, maji yanangojwa jikoni, na msimu wa kahawa ukiwadia kuna kuchuma na kumenya. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja, na chini ya migomba giza hutangulia. Wako wenye umeme na wako wasio nao. Wako wenye kaka aliye sekondari, na wako wanaoishi na bibi peke yao, bibi mwenye akili timamu ya kuhesabu mikungu sokoni lakini ahesabuye kwa Kivunjo na asiyepata kuiona alama ya kugawanya. Mtoto wa Majengo aliye katika chumba cha kupanga, au wa kambi za wakata miwa wa TPC kule Arusha Chini, ana jioni ya namna nyingine, si lazima iwe nyepesi zaidi. Shule zilipofungwa tangu Machi hadi Juni mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na masomo yakapitishwa redioni na katika televisheni, kila mwalimu aliyepokea darasa lake upya alipata kipimo cha tofauti hizo za nyumba na nyumba.

Je, basi kazi za nyumbani zifutwe? Wako wataalamu ambao ushahidi wao ungeweza kutumiwa kusema hivyo. Harris Cooper wa Marekani alikusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi yake, kwanza mwaka 1989, kisha yeye na wenzake mwaka 2006, akaona kwamba uhusiano baina ya kazi za nyumbani na maendeleo ya mwanafunzi ni wenye nguvu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, na ni dhaifu kwa wale wa madarasa ya chini. Hatudhani kwamba yaliyoonekana kwa mtoto wa Marekani lazima yawe hivyo hivyo kwa mtoto wa Mwika. Lakini yanatosha kumtaka mwalimu anayetoa namba 20 kila siku aeleze anatafuta faida gani.

Maoni yetu ni kwamba kazi ibaki, lakini iwe ndogo na iwe ya mambo yaliyokwisha fundishwa. Namba nne zatosha kwa madarasa ya tatu na ya nne. Mbili ziwe za jambo la leo, ambalo watoto wamelifanya darasani wakalipata. Moja iwe ya jambo la wiki mbili au tatu zilizopita, maana kilichojifunzwa mara moja husahaulika. Na moja iwe fumbo litokalo nyumbani. Namba nne katika madaftari 70 ni 280, na bado ni nyingi kwa jioni moja. Lakini mwalimu akichukua madaftari 14 kila siku, kwa siku tano atakuwa ameyaona yote 70, na kila siku atakuwa na namba 56 za kutazama kwa makini, kazi ya kama saa moja. Madaftari mengine watoto wayasahihishe wenyewe ubaoni, pamoja na mwalimu. Watoto wasijue mapema ni safu ipi itakayochukuliwa leo.

Fumbo la nyumbani si hadithi ya kubuni iliyotiwa majina ya Kichaga. Tunamaanisha hesabu ambayo haiwezi kufanywa ila kwa kutazama kitu. Mtoto aambiwe atafute mkungu mmoja wa ndizi, ahesabu chane zake, ahesabu ndizi za chane moja, akadirie ndizi zote kwa kuzidisha, kisha ahesabu moja moja. Atagundua kwamba jibu la kuzidisha halilingani na hesabu kamili, kwa sababu chane za chini ni ndogo kuliko za juu. Na kesho yake mwalimu atakuwa na mlango mpana wa kuingilia somo la wastani. Asiye na mgomba ahesabu trei la mayai dukani, mistari mitano ya mayai sita sita, au apige hesabu ya chenji aliyorudishiwa aliponunua sukari. Katika shule moja ya mlimani tulisikiliza kipindi kilichoanzia kwenye zamu ya maji ya mfongo: nyumba nne zina maji tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kila nyumba ipate muda gani? Darasa zima lilijibu saa moja na nusu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akakataa. Alisema maji huchelewa kufika kwao kwa kuwa wao ndio wa mwisho, kwa hiyo saa moja na nusu ya kwao si sawa na ya wale wa juu. Ubishi uliofuata ulikuwa hisabati ya kweli, na haukutoka katika kitabu.

Hapa twatoa tahadhari moja. Mwalimu asiulize mapato ya nyumba, wala idadi ya ng'ombe wa baba, wala bei aliyouzia mama kahawa yake. Mambo hayo yakisomwa kwa sauti darasani humvua mtoto nguo.

Tuje kwenye kusahihisha, ambako ndiko kazi ya nyumbani hufa. Chukua hesabu hii: 503 – 278. Jibu ni 225. Katika darasa moja utakuta mtoto aliyeandika 375, mwingine aliyeandika 235, na wa tatu aliyeandika 225 bila kuonyesha njia yoyote. Mwalimu mwenye haraka huwapa wawili wa kwanza alama ya kosa, humpa wa tatu alama ya vema, na hufunga daftari akiwa hajajua lolote. Yule wa 375 katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa, pasipo kujali ipi iko juu: 8 toa 3, 7 toa 0, 5 toa 2. Kukopa hakujamwingia hata kidogo, na dawa yake ni kurudi kwenye vifungu vya vijiti, kumi kumi na mia mia. Yule wa 235 amekaribia mno. Amekopa mia moja akaigeuza makumi kumi, akakopa kumi moja kwa ajili ya mamoja, ila amesahau kwamba makumi yamebaki tisa. Kumrudisha huyu kwenye vijiti ni kumpotezea muda. Swali moja lamtosha. Na yule wa 225 huenda anajua, huenda ameandikiwa na dada yake, huenda simu ya baba ndiyo iliyotoa. Alama za kosa za wale wawili zinafanana, lakini makosa yao ni ya aina mbili kabisa, na vema ya huyu wa tatu haina habari ndani yake.

Ndiyo maana twashauri kwamba katika kazi ya nyumbani njia ipewe uzito kuliko jibu, na mwalimu aandike maneno badala ya alama. Chini ya 235 aandike: "Umekopa mia vizuri. Baada ya kuyapa mamoja kumi moja, makumi yamebaki mangapi?" Ruth Butler, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988 kuhusu watoto wa madarasa ya tano na ya sita huko Israeli, aliwagawa watoto katika makundi: wengine walirudishiwa kazi zenye alama tu, wengine maoni tu, wengine alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na maoni hayo, na wengi wameeleza kwamba mtoto akiona alama huacha kusoma maneno yaliyo kando yake. Kazi walizopewa watoto hao hazikuwa hesabu za kawaida za darasani, lakini yeyote aliyewahi kurudisha madaftari katika Darasa la Tano amewaona watoto wakichungulia "4/10" ya jirani kabla ya kitu kingine chochote.

Wako watakaotuuliza: mbona Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe, isiwe mtihani peke yake? Twakubaliana nalo kabisa. Lakini kazi za kila siku ambazo mwalimu anaweza kuzipima kwa haki ni zile zilizofanyika mbele ya macho yake. Alama ya kazi ya nyumbani ikiingizwa katika jumla ya muhula, twakuwa tumepima taa, tumepima kaka wa sekondari, tumepima mzazi aliyelipa tuisheni, kisha tukaliita jumlisho hilo uwezo wa mtoto. Mwalimu atoe zoezi fupi la dakika kumi siku ya Ijumaa, lenye namba mbili zinazofanana na zile za nyumbani, na alama za zoezi hilo ndizo aziingize kitabuni. Aliyenakili ataonekana, na aliyefanya mwenyewe gizani atapata haki yake. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2012, mtihani wa Darasa la Saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, maana shule nyingi zimezoea kumfundisha mtoto kuchagua herufi kabla hajajifunza kueleza njia.

Kuhusu asiyefanya kazi, tusifichane. Katika shule nyingi bado huchapwa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa tu, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu. Kutokamilisha namba nne za kutoa si kosa kubwa kwa kipimo chochote, na mwanachuo aliye mazoezini hana ruhusa ya kushika fimbo. Lakini hata sheria isingekuwapo, hesabu ingetukataza: mtoto anayechapwa kwa sababu ya karatasi tupu kesho huleta karatasi iliyojaa, na imejaa majibu ya mwenzake. Heri ile tupu, maana ilikuwa inasema kweli. Mtoto asiyefanya akae na mwalimu au na mwenzake dakika kumi kabla ya mstari wa asubuhi, afanye namba mbili kati ya nne, na mwalimu aulize kwa upole jana kulikuwa na nini. Akikosa mara tatu kwa wiki moja, mwalimu atembelee nyumba yake. Barua haitoshi.

Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, watauliza idadi ya mazoezi. Mwalimu awaonyeshe daftari dogo la makosa: jina la mtoto, kosa alilofanya, tarehe alipolishinda. Tumeona ukurasa mmoja wa daftari hilo ukimwelezea mwalimu darasa lake vizuri kuliko safu nzima ya alama.

Limebaki suala la saini ya mzazi, ambayo shule kadhaa za mjini, hasa zile zifundishazo kwa Kiingereza, huidai chini ya kila zoezi. Saini haionyeshi kitu, nayo humwaibisha bibi asiyejua kuandika. Badala yake mtoto apewe kazi ya kumweleza mtu yeyote wa nyumbani, kwa lugha yoyote inayosemwa humo, namna alivyopata jibu la fumbo, kisha aandike chini ya zoezi swali moja aliloulizwa na mtu huyo. Wanachuo watakaokwenda mazoezini muhula ujao watuletee madaftari machache yenye maswali ya namna hiyo, yawe ya bibi, ya baba au ya mdogo wake mtoto, ili tuyachapishe katika toleo lijalo pamoja na majibu waliyoyatoa watoto.